Nyumba nzima kwenye umeme hapa Tanga: hesabu zetu, nyaya, na vyakula vilivyogoma

Mnyonge wa Nguvumali

Wakuu, salaam. Kila ukija mjadala wa umeme humu ndani wanatokea watu wa aina mbili: wa "kupika kwa umeme ni kujifilisi" na wa "gesi imepitwa na wakati". Mimi naweka hesabu mezani, ya nyumba moja ya watu 6, Tanga mjini. Kila mtu ataangalia na mfuko wake.

Tulikotoka: mtungi wa kilo 15 ulikuwa unatufikisha mwezi, na kuujaza huku kwetu ni elfu 55 hadi 60, inategemea duka. Pikipiki ya petroli, ya kazini na ya kupeleka watoto shule, ilikuwa inakunywa lita 22 mpaka 25 kwa mwezi. Weka elfu 70 kwa bei hizi za EWURA, mdhibiti wa nishati, zinazobadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Jenereta siiweki, haikuwa na ratiba. Umeme wenyewe ulikuwa wa friji, feni, taa na tivii, kama uniti 70, tukiwa kwenye tarifu ya chini, D1, ile ambayo uniti 75 unazipata kwa 9,150.

Jumla inakuja kama 137,000.

Tulipo: presha kuka ya umeme, jiko la induksheni la sehemu moja, pikipiki ya umeme, na mtungi mdogo wa kilo 6 uko kwenye kona kwa dharura. LUKU tunanunua kama uniti 210 kwa mwezi. Tuko T1, tarifu ya matumizi ya kawaida: uniti moja ni shilingi 292, ukiweka VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) 3 na EWURA 1 inafika 356. Ni elfu 75 hivi. Ile 1,500 ya kodi ya jengo naiacha pembeni, hiyo utakatwa hata ukipikia kuni.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo hesabu za wengi zinapopinda. Mtu anachukua uniti 140 za jikoni na pikipiki, anazidisha kwa 356, anapata elfu 50. Anajumlisha 9,150 yake ya zamani, anashangilia kwamba atatumia elfu 59. Haiko hivyo. D1 ni ya mtu ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Ukizizidi, kila uniti ya juu ni 350 kabla ya makato, na ukiendelea hivyo unahamishiwa T1. Zile uniti 70 za friji na feni ulizokuwa unanunua kwa 122 nazo zinapanda kuwa 356. Hiyo peke yake ni elfu 16 ya ziada kila mwezi, na muuza jiko hawezi kukwambia.

Hata hivyo tumebakiwa na tofauti ya elfu 60 kwa mwezi. Lakini angalieni imetoka wapi: petroli ya elfu 70 imekuwa umeme wa elfu 14. Gesi ya elfu 58 imekuwa umeme wa elfu 36. Ukitoa ile elfu 16 ya kupoteza D1, jikoni faida ni kama elfu 6, nauli ya bajaji. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa nyumba za aina yetu, vita ni ya petroli. Jikoni nenda kwa sababu nyingine ukipenda, siyo kwa kutegemea utajiri.

Maswali yaje.

Boda la Pongwe

Nimeweka kambi. Mkuu tupia picha ya hiyo pikipiki.

Mjukuu wa Usambara

Mleta uzi, hesabu zako ni safi ila hapo mwisho umeionea jikoni. Kwa nini elfu 16 yote unaibebesha jiko? Pikipiki peke yake ni uniti 40. Ukiweka 40 juu ya 70 zako unapata 110, D1 umeshaiaga bila hata kuchemsha chai. Kile kinachotangulia kukutoa D1 ndicho kinachobeba mzigo. Ukishatoka, jiko linakuja na faida yake kamili ya elfu 22.

Mnyonge wa Nguvumali

Mjukuu, hilo nakubaliana nalo kwa mwenye pikipiki. Ila kuna nyumba kibao hapa mjini hazina pikipiki wala gari, watu wanatembea kwa baiskeli zao kama ilivyo jadi ya Tanga. Hao ndio wanaoambiwa "hamia umeme" na wao kitu pekee cha kuhamisha ni jiko. Kwao hesabu ni ile ya elfu 6.

Bi Makorora

Assalaam alaykum. Mimi ndiyo huyo asiyekuwa na pikipiki, na D1 sijatoka.

Nyumba yangu ina taa, feni mbili, friji ndogo na redio ya mama. Uniti 45 hivi kwa mwezi, zinabaki 30 kabla ya kufika 75. Nikaona hizo 30 ninazo, kwa nini nisizipikie? Nikanunua presha kuka ya lita 6, ile ya wati 1,000. Naipikia vitu vya moto mrefu tu: maharage, makande, kunde, nyama ya ng'ombe, supu ya miguu. Vya moto mfupi vyote viko kwenye gesi.

Maharage makavu yasiyolowekwa yanakula kama uniti 0.4, wakati mwingine chini. Kwa bei ya D1 hiyo ni shilingi 50. Hamsini! Kwenye gesi sufuria la maharage lilikuwa linawaka saa mbili na zaidi. Sasa mtungi unakaa karibu mara mbili ya zamani na uniti hazijavuka 75. Sihitaji kuhama nyumba nzima, nimehamisha maharage.

Mjukuu wa Usambara

Dada yangu hapo umetufunga mdomo wote. TaTEDO, lile shirika la nishati pale Dar, wamezijaribu presha kuka kwenye majiko ya Kitanzania muda mrefu na wanasema hayo hayo: faida kubwa iko kwenye vyakula vya kuchemka muda mrefu. Sababu iko wazi, chombo kimefungwa, kina koti la kuzuia joto, na kikifika presha kinajizima na kujiwasha chenyewe. Umeme mwingi unakula dakika 15 au 20 za mwanzo tu. Umeme ukikatika katikati, maharage yanaendelea kuiva yenyewe humo ndani.

Kwa anayetaka kulinganisha gesi na umeme bila mihemko: kilo 1 ya gesi ina nishati ya karibu uniti 13. Mtungi wa kilo 15 una uniti 190 hivi. Lakini kwenye moto wa gesi karibu nusu inapita pembeni ya sufuria, ndiyo ile joto inayokutoa jasho jikoni. Induksheni inaingiza kwenye sufuria asilimia 85 hivi, jiko la koili kama 70. Kwa hiyo kazi ya mtungi mmoja utaifanya kwa uniti 110 za induksheni au 135 za koili. Zidisha mwenyewe kwa tarifu yako.

FundiKange

Naomba niingie kabla watu hawajakimbilia soko la Mgandini kununua majiko. Mnazungumzia tarifu, hamjazungumzia nyaya.

Nyumba nyingi za hapa mjini, hasa za Ngamiani zile za zamani na hizi za kupangisha zilizoongezewa vyumba nyuma, jikoni zina soketi moja iliyochukuliwa kwenye mstari wa taa. Waya wa milimita 1.5 za mraba. Huo ni wa taa. Presha kuka ya wati 1,000 itapita, kwa bahati. Ukiweka induksheni ya wati 2,000 na birika kwa pamoja ndipo unaanza kusikia harufu ya samaki aliyeoza na huna samaki. Hiyo ni plastiki ya soketi. Ukichomoa plagi unakuta mguu mmoja umekuwa wa kahawia na soketi imelainika kwenye tundu.

Kwa jikoni: mstari wake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa 2.5 kwa soketi, breka yake peke yake. Kama unataka jiko kubwa la plati nne na oveni, hapo ni waya wa 6 na swichi ya jiko ile kubwa ya ukutani yenye taa nyekundu. Plagi ya kawaida ya miguu mitatu mwisho wake ni ampea 13, yaani kilowati 3, na hiyo ni plagi nzima yenye fyuzi halali, siyo ile ambayo ndani wameweka kipande cha waya.

Ekstensheni za elfu 5 sitaki hata kuzisikia kwenye jiko.

Halafu ethi, ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Asilimia kubwa ya nyumba ninazoingia waya wa ethi upo kwenye soketi, ukiufuata unakuta umeishia hewani nyuma ya nyumba, ile fimbo ya ardhini iliuzwa kwa mnunua chuma chakavu. Sufuria la chuma, mikono yenye maji, sakafu ya saruji na hakuna ethi. Mpate mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, apime, akupe karatasi.

Mnyonge wa Nguvumali

Fundi umesema. Naongeza la kwangu: pimeni umeme wenyewe. Kimita cha kupimia volti kinauzwa bei ya chini tu. Kwangu asubuhi inasoma 228, 230. Saa 1 usiku mtaa mzima ukishawasha, inashuka 190, kuna nyumba za mwisho wa laini zinashuka zaidi, transfoma ni moja na nyumba zimeongezeka. Kwa taa huoni kitu. Kwa jiko unaona: induksheni ya aina niliyonayo ikikuta volti ndogo inaandika herufi E na namba, inalia, inazima. Ugali uko nusu.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, pima saa ile unayopika chakula cha usiku, siyo saa 4 asubuhi.

FundiKange

Na watu waelewe koili haizimi, inalegea. Nguvu ya koili inakwenda kwa mraba wa volti. Jiko la wati 1,000 kwa volti 230, likipata 190 linabaki na wati 680. Uniti utakazotumia kwa chungu kimoja hazitofautiani sana, ila utakaa jikoni. Anayekwambia "umeme mdogo unakula LUKU haraka" kwa upande wa jiko hana hoja. Kwenye friji na kiyoyozi ni habari nyingine, kule mota inateseka.

Kahawa ya Barabara ya 9

Vijana mnanichekesha. Umeme wa Hale upo hapa mkoani tangu 1964, mto Pangani unatuzungusha mashine pale Hale na baadaye Pangani Falls mpya ya 1995, megawati 68. Sisi wenye mto tunabeba mitungi kwenye baiskeli. Sasa na hilo Bwawa la Nyerere limekamilika, megawati 2,115, mashine 9, bado mnaniambia volti 190.

Mjukuu wa Usambara

Shikamoo mzee. Bwawa liko Rufiji, na umeme kuufikisha huku kaskazini kupitia laini ndefu unapotea njiani. Ndiyo maana 2025 Rais aliposema mikoa ya kaskazini iuziwe umeme wa Ethiopia hoja ilikuwa hiyo hiyo ya upotevu. Kuzalisha ni kitu kimoja, laini na transfoma ya mtaani kwako ni kingine. Wewe mgao wa 2023 kuelekea 2024 unaukumbuka, tangu wakati huo uzalishaji umeongezeka sana, ila jumper, kile kiungo cha waya kwenye nguzo yako, ni ile ile.

Kahawa ya Barabara ya 9

Marahaba. Nguzo yangu imeinama tangu mvua za masika, kwa hilo sina ubishi.

Boda la Pongwe

Turudini kwenye pikipiki basi jamani, jikoni waachieni wenyewe. Mkuu inakwenda kilomita ngapi kweli kweli? Siyo za kwenye tangazo.

Mnyonge wa Nguvumali

Betri yangu ni volti 72, ampea-saa 40. Zidisha, ni uniti 2.9. Muuzaji alisema kilomita 100. Nikiwa peke yangu, taratibu, ndani ya mji, inakaribia. Nikipakia mtu na mzigo ni 70. Tanga mji ni tambarare, hilo linatusaidia sana. Jamaa wa Lushoto asinunue kwa hesabu zangu.

Kwa kilomita 100 inakula uniti 4 kutoka ukutani ukiweka na kinachopotea kwenye chaja. Ni shilingi 1,400 na kitu. Pikipiki ya petroli kilomita 100 ni lita 2 na robo, zaidi ya 6,000. Oili hakuna, plagi hakuna, kabureta hakuna. Kuna breki, tairi na bearingi.

Mipaka yake: Pongwe na kurudi haina wasiwasi. Muheza na kurudi ni kilomita 70 hadi 80, hapo unakwenda unaangalia asilimia kuliko barabara. Pangani na kurudi ni kama 100, usijaribu bila pa kuchajia kule. Mwenye ndugu Pangani unachomeka kwake, unakula bada (ugali wa muhogo) na papa, unarudi.

Boda la Pongwe

Mimi ni wa abiria. Kilomita 70 naimaliza saa 7 mchana. Halafu?

Mnyonge wa Nguvumali

Halafu unahitaji betri ya pili au mtandao wa kubadilishana betri, ambao kwa sasa uko Dar zaidi. Sikudanganyi ndugu yangu. Kwa familia ambayo pikipiki inalala nyumbani kila usiku hesabu inafunga. Kwa boda wa kutwa nzima hapa Tanga, betri moja haikutoshi. Piga hesabu ya betri ya pili kwanza ndipo uongee na mwenye pikipiki.

Na uliza aina ya betri. Zile za risasi na asidi ni nzito, na ukiziishisha kila siku mizunguko 300 mpaka 500 zimechoka. Lithiamu chuma fosfeti, hizo wanazoziandika LFP, zinapita mizunguko 2,000. Bei ya pikipiki ikikushangaza kwa urahisi, inua kiti uangalie kilichomo.

Raskazone Kando

Naongeza kwa tunaokaa karibu na bahari. Chumvi. Kila kiungo cha umeme kilichoko nje hapa kwetu kinaota ukungu wa kijani. Soketi ya kuchajia niliyoweka kwenye baraza, upande wa upepo, nati zake zililiwa mpaka plagi ikawa inapata moto. Nimeihamishia upande wa ndani wa ukuta wa baraza, nikapaka grisi kwenye vituo vya nyaya, sasa nafungua na kukagua kila msimu wa kusi.

Na msichajie betri kwenye korido ya kutokea. Lithiamu ikiharibika inaharibika kwa moto, na mkiwa vyumbani mlango ni ule mmoja. Barazani, chini ya paa, mbali na pazia.

Mama Watoto wa Sahare

Wanaume mmekalia pikipiki. Mimi nauliza: wali wa nazi je? Samaki wa kupaka? Mkate wa kumimina? Kama umeme hauwezi hivyo mimi nabaki na jiko langu.

Bi Makorora

Dada umeuliza swali la uzi mzima.

Wali wa nazi kwenye raiskuka unakubali, ila usimwage tui zito tangu mwanzo. Linashuka chini, linashika, kile kipimajoto cha chini kinadhani wali umeiva, kinaruka kabla ya wakati wake. Unapata ukoko wa kahawia chini na mchele mgumu juu. Anza na tui jepesi na chumvi, ukikaribia kukauka mwagia tui zito, geuza mara moja, funika. Mimi sasa hivi mgeni hawezi kujua.

Samaki wa kupaka ni mkaa. Sijadili. Unaweza kumchoma kwenye oveni ukampaka, atakuwa samaki wa oveni aliyepakwa.

Mkate wa kumimina ndio niliohangaika nao. Ule unataka moto chini na moto juu, ndiyo maana bibi zetu waliweka makaa juu ya kifuniko. Raiskuka inaupika chini vizuri na juu unabaki mweupe kama haujaiva, japo umeiva. Kwenye oveni ndogo ya umeme, ile ya mezani, unaanza na koili ya chini peke yake mpaka uumuke ushike, halafu unahamishia swichi kwenye koili ya juu dakika za mwisho mpaka ubadilike rangi. Usiwashe zote mbili tangu mwanzo, unapasuka katikati. Unakula kama uniti 1, inategemea oveni. Harufu ya makaa haipo, hilo lazima niseme, mama aliugundua kwa kuunusa tu kabla hajaonja.

Mama Watoto wa Sahare

Ahsante mwaya. Na bada? Mume wangu bila bada na papa hajala.

Bi Makorora

Bada na ugali shida siyo moto, shida ni kusonga. Ukiweka mwiko na nguvu zako, sufuria inazunguka juu ya kile kioo cha induksheni, na kioo hakitaki kugongwa. Ndani ya presha kuka ni vile vile, bakuli lake linazunguka. Watu wanashika kwa kitambaa kwa mkono mmoja na kusonga kwa mwingine. Unga ukiwa wa kilo nzima huwezi. Mimi nyumbani ugali na bada viko kwenye gesi, kwenye jiko la chini lenye kingo za kushika sufuria.

Mnyonge wa Nguvumali

Kwetu fundi seremala alitengeneza fremu ya mbao, induksheni inakaa chini kama jiko la mkaa, na vigingi viwili vinashika masikio ya sufuria. Bi mkubwa anasonga akiwa kwenye kigoda kama zamani. Haikuwa wazo langu, ni lake.

Dereva wa Duga

Wakuu vipi kuhusu gari? Nina IST, lita 6 au 7 kwa kilomita 100. Naona Nissan Leaf, zile gari za umeme, zinauzwa mitandaoni bei ya chini kuliko IST.

Raskazone Kando

Ninayo Leaf, ile ya betri ya uniti 24, kutoka Japan. Nikwambie mazuri kwanza: mjini kilomita 100 inakula uniti 19 hivi kutoka ukutani, yaani elfu 6 na mia kadhaa, wakati IST yako inakula petroli ya elfu 18 au zaidi. Kimya, kiyoyozi kinafanya kazi gari ikiwa imesimama, na matengenezo yake ni machache.

Sasa ubaya. Betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, inapozwa na hewa tu, na joto letu la Desemba hadi Machi inalihisi. Bei ya chini unayoiona mara nyingi ni betri iliyochoka. Kwenye dashibodi, pembeni kabisa kulia, kuna vipau vidogo 12, hivyo ni vya afya ya betri, siyo vya chaji. Vipau vya chaji viko karibu navyo na wauzaji wanapenda kupiga picha hivyo. Omba picha ya vile 12. Vikiwa 8, gari ya kilomita 100 na kitu umenunua ya 80. Maandishi ya ndani ni Kijapani, utazoea.

Dar sahau. Ni kilomita 350 kupitia Segera na Chalinze, na njiani sijaona pa kuchajia pa maana. Yangu ililetwa juu ya lori. Ni gari ya mjini, ya shule, soko na kanisani au msikitini. Ukiwa na gari moja tu na una safari za msibani Korogwe na Handeni, baki na IST yako.

FundiKange

Na gari ndiyo inayounguza soketi kuliko jiko. Jiko linawaka nusu saa, gari inavuta ampea 10 usiku kucha. Soketi ya kawaida iliyolegea haimalizi mwezi. Waya wa 6, breka yake, soketi ile ya bluu ya viwandani ya ampea 32, na mita ya njia moja (single phase) inatosha kabisa, usimwache mtu akuuzie njia tatu kwa ajili ya Leaf. Ila usichaji gari, kupika na kuwasha viyoyozi viwili kwa wakati mmoja. Chaji kuanzia saa 5 usiku, hata volti zinakuwa zimepanda.

Mama Watoto wa Sahare

Na umeme ukikatika? Maana mmeshauza majenereta na mitungi.

Mnyonge wa Nguvumali

Mtungi wa kilo 6 upo, umejaa, hauuzwi. Nimewaambia nyumbani ule haugusi mtu kama umeme upo.

Jenereta kweli niliuza. Lita 1 ya petroli kwenye jenereta ndogo inakupa uniti 1 na nusu, ukibahatika 2. Ukigawa bei ya lita, uniti moja imekufikia 1,500 mpaka 1,900, kwa kelele na moshi juu yake. Nimeweka inveta na betri ya lithiamu ya volti 24, ampea-saa 100, uniti 2.5 hivi. Inabeba friji, feni tatu, taa na tivii kwa saa 8. Inajichaji umeme ukirudi. Jiko haliungwi humo, wala birika, wala pasi. Fundi aliweka mstari tofauti ili mtoto asije akachomeka birika gizani.

Paneli za jua sijaweka. Paa langu lina mwembe wa jirani.

Kahawa ya Barabara ya 9

Mwembe usiukate. Nilikuwepo ulipopandwa.

Dereva wa Duga

Swali la mwisho mimi. Nina sufuria za bibi, nzito, za alumini. Naambiwa induksheni haizitaki. Ni kweli au wananiuzia sufuria mpya?

Bi Makorora

Ni kweli. Induksheni inataka chuma kinachonaswa na sumaku. Alumini, shaba na chungu cha udongo vyote inavikataa, jiko linalia tu. Chukua sumaku ya spika mbovu nenda nayo sokoni, bandika chini ya sufuria. Ikinasa kwa nguvu nunua, ikiteleza rudisha. Muuzaji atakuangalia vibaya, mwache aangalie.

Kama hutaki kuacha sufuria za bibi, kuna majiko ya infraredi, yanafanana na induksheni kwa sura lakini yanapasha chochote. Yanakula umeme zaidi kidogo na kioo kinabaki cha moto muda mrefu baada ya kuzima, kwa hiyo kama una mtoto anayetambaa weka juu. Pale Mgandini yanapatikana. Mwambie akuwashie dukani kabla hujalipa.